Sikio la Mwalimu wa Jioni

Mkazi wa Lubumbashi akisikia jina la Kasapa hukumbuka moja kati ya mawili: gereza au chuo kikuu. Chuo hicho kilifungua milango mwaka 1956, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vikuu vingine vya nchi kuwa UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Vitivo vyake wanaovisifu hawakosekani. Mimi nataka kusifu kazi isiyofundishwa katika kitivo chochote, ingawa wanaoifanya ni wanafunzi wa kampasi hiyo hiyo. Alasiri, vipindi vikiisha, utawaona wakitoka mabwenini, madaftari kwapani, wengine wakipanda teksi, wengine wakikata njia kwa miguu kuelekea Golf, Bel-Air na Makomeno, au mitaa ya Katuba na Kenya. Wanakwenda kuketi mezani na mtoto wa watu mpaka jua lizame. Wazazi huwaita kwa neno la Kifaransa, encadreur. Watoto huwaita Mwalimu, na wakishazoeana nao, Yaya, kama anavyoitwa kaka au dada mkubwa.

Wanahitajika sana, na sababu haijifichi. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Ni jambo kubwa na jema: watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada waliingia darasani wakakaa. Lakini madawati hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, wala walimu. Na darasa lililojaa lina upungufu ambao hata mwalimu hodari hawezi kuuziba peke yake: hana nafasi ya kumsikia kila mtoto akifikiri. Anaona jibu, anaweka alama nyekundu, anahamia daftari linalofuata. Njia iliyomfikisha mtoto kwenye jibu lile haionwi na mtu.

Njia hiyo ndiyo shamba la mwalimu wa nyumbani. Wengi wanaoifanya kazi hii hawalijui shamba lao. Wanadhani wameitwa kurudia somo la asubuhi, polepole zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Wazazi nao huwachagua kwa kipimo hicho: huyu anasoma Polytechnique, basi hesabu anazijua; yule alipata pointi nyingi kwenye mtihani wa Taifa, basi atampitisha mtoto wetu. Kujua somo ni lazima, sibishani na hilo. Ila nimewaona vijana wenye vichwa vikali wakifundisha kwa miezi bila mtoto kusogea hata hatua, na nimemwona mwanafunzi wa kawaida kabisa akimwinua mtoto aliyekuwa ameshakatiwa tamaa. Tofauti yao ilikuwa katika namna ya kulipokea kosa.

Chukua mtoto wa mwaka wa tano wa shule ya msingi anayeandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu wa haraka hufuta, huandika 3/6 + 2/6 = 5/6, kisha husema, "Namba za chini lazima zilingane kwanza." Mtoto anaitikia. Kesho yake anaandika tena 2/5. Kwani kuna ajabu gani? Machoni pake hesabu ile ina utaratibu mzuri: cha juu na cha juu, cha chini na cha chini. Kwenye kuzidisha alifanya hivyo hivyo akasifiwa.

Mwalimu ninayemsifu hafuti. Anasema, "Nieleze ulivyofanya," halafu ananyamaza mpaka maelezo yaishe, hata yakirefuka, hata yakizunguka. Kisha anauliza, "Hii 2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Mtoto anachora mstari, anaugawa, anaona ni ndogo. "Ulikuwa na nusu. Nikakuongezea. Sasa unacho kidogo kuliko ulivyokuwa?" Hapo mtoto anacheka, au anakunja uso, na lolote kati ya hayo ni dalili njema, kwa sababu sasa ni yeye mwenyewe anayelikataa jibu lake. Kuanzia hapo somo la namba za chini lina mahali pa kuingia. Mtoto analihitaji.

Vivyo hivyo kwa yule anayeapa kwamba 0,35 ni kubwa kuliko 0,4, kwa kuwa 35 inazidi 4. Kosa hilo lina historia yake. Mtoto amekaa miaka akifundishwa kwamba namba ndefu ndiyo kubwa, na kwa namba zote alizowahi kukutana nazo ilikuwa kweli. Sasa kanuni imebadilika na hakuna aliyemwambia. Mwalimu anayejua hayo hamwoni mtoto kuwa mzito. Anamwona mtu mwaminifu kwa mafundisho ya jana.

Ndiyo maana mara nyingi tatizo haliko kwenye ukurasa uliofunguliwa. Msichana wa humanités, yaani madarasa ya juu ya sekondari, ameshindwa na milinganyo ya daraja la pili. Baba yake anamlipa mtu amfundishe milinganyo ya daraja la pili. Mwalimu mzuri hukaa naye siku mbili za kwanza bila kufundisha chochote kipya, akimtazama tu anavyofanya kazi, kama fundi wa gari anayesikiliza injini kabla hajagusa spana. Anagundua kwamba kanuni msichana anaijua kwa moyo. Anakwama kila panapotokea kutoa namba hasi, na kukwama huko kulianza miaka mitatu au minne nyuma, katika muhula fulani wa ugonjwa, au wa kuhama shule, au wa mgomo wa walimu. Basi wanarudi huko. Kurudi nyuma kunataka ujasiri, maana mzazi akichungulia mezani ataona binti yake mkubwa akifanya hesabu za watoto na atauliza pesa zake zinakwenda wapi.

Mfano wa kale wa kazi hii umo katika Menon ya Plato. Sokrate anamwita kijana mtumwa ambaye hajasoma jiometri, anachora mraba wenye upande wa futi 2, anamtaka apate mraba wenye ukubwa maradufu. Kijana anajibu bila kusita: urefushe upande uwe mara mbili. Wanachora. Eneo limekuwa 16 badala ya 8. Basi upande uwe 3. Wanachora: 9. Sasa kijana anakiri kwamba hajui, na Sokrate anamgeukia Menon, bwana wa kijana, kumwonyesha kwamba kijana huyu yuko mahali pazuri kuliko pale alipojiona anajua. Jibu linapatikana kwa kuutumia mstari unaokatiza mraba kutoka pembe hadi pembe. Sokrate hana ukamilifu katika masimulizi hayo. Maswali yake mengi yanamwongoza kijana mno, mpaka anabaki kuitikia ndiyo, ndiyo, na kila aliyefundisha anajua kwamba ndiyo ya mtoto ni rahisi kupatikana. Lakini aliacha makosa mawili yachorwe chini, yaonekane kwa macho, yapimwe. Hilo linawezekana katika ua wowote wa Katuba, kwa kijiti juu ya udongo wetu mwekundu, umeme uwepo au usiwepo.

Hapa Katanga sikio la mwalimu lina kazi ya ziada, kwa sababu mtoto wetu anaishi kwa Kiswahili na anatahiniwa kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, lakini mitihani mikubwa inayomngoja haina huruma hiyo. Kitabu kinasema kwa Kifaransa kwamba Pierre ana gololi 12, yaani 5 zaidi ya Paul. Paul ana ngapi? Mtoto anaona zaidi, anajumlisha, anaandika 17. Mwalimu anakifunga kitabu. "Wewe una maembe 12. Umenipita mimi kwa maembe matano. Mimi nina mangapi?" Jibu linatoka kabla hajamaliza: "Saba!" Basi hesabu mtoto anaijua, na aliyemfundisha kutoa tena kwa wiki nzima angepoteza wiki hiyo. Kilichobaki ni kukifungua kitabu na kuisoma ile sentensi ya Kifaransa upya, taratibu, wakitafuta ni nani aliyempita mwenzake. Mwalimu asiyerudi kwenye Kifaransa anamfurahisha mtoto jioni na kumwacha peke yake siku ya mtihani. Mwalimu asiyeanzia kwenye Kiswahili hajui hata mtoto yuko wapi.

Kuna jambo dogo la mkono ambalo kwangu ni kipimo kikubwa. Kalamu iko kwa nani? Pita dirishani, tazama meza. Kama kalamu iko mkononi mwa mwalimu, na daftari limegeuziwa upande wake, somo limekwisha hata kama bado anasema. Kishawishi hicho ni kikali, nami nakielewa: saa zinakwenda, mtoto anasitasita, mwalimu anaona jibu liko pale pale. Kuvumilia kimya cha mtoto anayetafuta ni kazi nzito kuliko kueleza. Kishawishi kingine hutoka kwa wenye nyumba. Mama anataka kazi ya nyumbani irudi shuleni ikiwa safi, bila kosa hata moja. Mwalimu mwenye msimamo humwambia kwa heshima, "Mama, tuache kosa hili liende, ili mwalimu wa shule alione," na si kila Mama hulipokea neno hilo vizuri.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo naona linawapa vijana wa Kasapa nafasi ya pekee. Wao hawatoi pointi. Shuleni kila kosa lina bei. Linaandikwa, linajumlishwa, linasomwa na baba mwisho wa muhula. Mbele ya mwalimu wa jioni mtoto anaweza kukosea bila kupoteza kitu, na mtoto asiyeogopa kukosea hufikiri kwa sauti, na anayefikiri kwa sauti anaweza kusikiwa. Kwa sababu hiyo napinga mtindo wa mwalimu wa shule kuwauzia masomo ya jioni wanafunzi wale wale anaowasahihisha mchana. Najua mishahara ilivyo na silaumu njaa ya mtu. Lakini mtoto anayelipa na asiyelipa wakikaa katika darasa moja mbele ya mtu mmoja, haki imeshapinda, na yule anayelipa naye hatasema "sijui" mbele ya mkono unaompa alama. Nchi ya Kenya, katika Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilikataza masomo ya ziada ya likizo. Dawa hiyo inabishaniwa hadi leo, lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli.

Kijana wa chuo ana jambo jingine: yeye mwenyewe bado anatahiniwa. Wiki hii anamfundisha mtoto wa watu, wiki ijayo ataketi kwenye ukumbi wa Kasapa akingoja karatasi kwa tumbo lililokaza. Akisema, "Mimi pia jambo hili lilinichelewesha," mtoto anamwamini.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mwanaelimu wa Chicago, aliandika kwamba wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja walipanda mno, hata yule wa kawaida kati yao akawapita karibu wote wa darasa la kawaida. Watafiti waliokuja baadaye wamepata faida ndogo kuliko hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba wanafunzi wale wa Bloom hawakuruhusiwa kusonga mbele kabla hawajaliweza jambo lililotangulia. Walipimwa, wakasahihishwa, wakarudi. Kuwa wawili mezani peke yake hakuleti muujiza. Wawili mezani wanaokimbizana na kurasa ni darasa lile lile lililojaa, limepunguzwa watu tu.

Miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa Taifa, ambao wahitimu wa sekondari nchini wameufanya tangu 1967, nyumba nyingi hutafuta mtu wa kumjaza mtoto maswali ya kuchagua ya miaka iliyopita. Mazoezi hayo yana faida, siyakatai. Na siku matokeo yanapotoka, mitaa ikijaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe kichwani, nami hushangilia pamoja nao. Ila huo si wakati wa kumtafuta mwalimu. Wakati wake ni mapema, mvua zinapoanza, mtihani ukiwa bado mbali na kurudi nyuma kukiwa bado kunawezekana.

Mzazi akiniuliza atamjuaje aliye mzuri, humwambia asubiri majuma mawili kisha amwulize kijana swali moja: mtoto wangu anakosea wapi? Akijibu "hesabu", au "havutiwi na masomo", amshukuru na kumtafuta mwingine. Akijibu kwamba mtoto anazidisha vizuri, anasoma swali haraka mno, na akiona mkato katikati ya namba anaanza kubahatisha, na kwamba kubahatisha huko kulianza mwaka wa nne, basi amshike. Na amlipe kwa wakati, kabla mwezi haujaisha, maana kijana huyo naye ana ada ya kulipa Kasapa.