Flipflopi, Jahazi la Ndara

Flipflopi ni jahazi lenye urefu wa takriban mita 9, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa na kuzinduliwa mwaka 2018. Fundi mkuu wake ni Ali Skanda, mzaliwa wa Lamu. Plastiki yake, kama tani 10, iliokotwa fukweni na mitaani, na wakazi wenyewe walishiriki kuizoa.

Kazi ngumu ilikuwa karakanani. Plastiki ilipondwa, ikayeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu ili kupata mkuku, mataruma na mbao. Kisha mafundi wakaichonga kwa mikono, kama wanavyochonga mti. Hapa ndipo sifa yao kubwa ilipo: plastiki hupinda na kutanuka kwa joto tofauti na mbao, na hapakuwa na mwalimu wa kuwaelekeza. Ubavuni yakabandikwa mabaki ya ndara zipatazo 30,000, rangi juu ya rangi, hata chombo kikawa picha inayoelea. Mtoto yeyote akikiona huijua ndara, na haihitaji kuelezwa ilitoka wapi.

Mapema 2019 jahazi lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi, likitia nanga njiani ili wanafunzi, wavuvi na viongozi walipande na kuzungumzia taka. Mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Victoria, likapita Kenya, Uganda na Tanzania. Huko Lamu, plastiki inaendelea kukusanywa, na mafundi huitumia pia kutengenezea samani za mtindo wa kienyeji.