Maneno ya Ngoma katika Tamasha la Bagamoyo

Neno ngoma lina maana tatu katika Kiswahili cha pwani: chombo kipigwacho, mchezo uchezwao kwa mlio wa chombo hicho, na shughuli yenyewe ikusanyayo watu, yenye sababu yake, mwanzo wake na mwisho wake. Kamusi huziandika maana hizo moja chini ya nyingine, kana kwamba kila moja yaweza kusimama peke yake. Mtu wa Kaole au Mlingotini hazitengi hivyo. Akisema kuna ngoma, amekwisha sema kuna mwali, au arusi, au mganga. Tamasha la Sanaa na Utamaduni lifanywalo Bagamoyo tangu mwaka 1982 limezitenga, na katika kuzitenga limehifadhi mambo mengi na kupoteza moja. Lililopotea si mdundo wala mwendo, bali ni maneno.

Haki itangulie. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, baada ya Kikundi cha Taifa cha Ngoma kuvunjwa, kilirithi kazi ngumu na fedha chache. Ukumbi wake mkubwa uliteketea kwa moto mwaka 2002, ukajengwa tena. Chuo kikawa taasisi, TaSUBa, mwaka 2007. Na katika miaka hiyo yote tamasha liliendelea. Wale walisemao kwamba ni soko la watalii tu hawajawatazama watoto wa mji waliojifunza upigaji kwa kusimama karibu na jukwaa. Ila yahitaji kuchunguzwa, basi, si ya nia mbaya. Imo katika jukwaa lenyewe.

Mathalan mdundiko wa Wazaramo. Hii ni ngoma ya kutembea. Hutoka na mwali, hufuata njia, hupita mlango hadi mlango, na kila nyumba huongeza watu; anayeimbisha huona nani amesimama kizingitini, akatunga papo hapo neno la kumsifu au la kumchoma, na watu wakalipokea kwa kicheko kwa sababu wamjua asemwaye. Ukiuweka mdundiko jukwaani umeusimamisha, na mwimbishaji hana tena mlango wa kuuelekea. Huimba ubeti mmoja ule ule, aurudie, mpaka dakika alizopewa ziishe. Miguu imehifadhiwa vizuri sana. Ubunifu wa ulimi, ambao ndio uliowafanya watu watoke nyumbani, umebaki njiani. Jonathon Glassman, katika Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi karamu na ngoma za mashindano katika miji ya mrima zilivyokuwa mahali pa kugombea heshima karne ya kumi na tisa. Na heshima haigombewi kwa mabega peke yake.

Jambo la lugha ni zito zaidi. Kizaramo, Kikwere, Kidoe na Kizigua ni jamaa wa karibu, wa kundi la G30 katika mpangilio wa Malcolm Guthrie, lakini mtazamaji aliyetoka Mwanza au Oslo hazielewi zote kwa usawa. Kwa ajili yake kumepatikana njia mbili. Ya kwanza ni kuacha maneno yapite yasieleweke, yawe sauti miongoni mwa sauti. Ndivyo Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze aliyefundisha chuoni na kufariki mwaka 2003, alivyosifiwa katika kumbi za Ulaya: wengi waliisikia koo yake, wachache mno walikisikia Kigogo chake. Ya pili ni kutia Kiswahili mahali pa lugha ya asili, na mara nyingi Kiswahili cha kusifu serikali au kuonya juu ya maradhi. Siri Lange, katika utafiti wake wa mwaka 1995, ameeleza jinsi ngoma zilivyofupishwa na kupangwa upya kwa ajili ya jukwaa. Mwanaisimu ataongeza kwamba Kizigua ni lugha ya toni na Kiswahili sicho, hata tuni iliyozaliwa na maneno ya kwanza hubaki kama kanzu iliyoshonewa mtu mwingine.

Mfano wa nchi nyingine wafaa hapa, kwa kuwa huko nako lugha ya wazee ilikimbiwa huku muziki wake ukipendwa. Ayalandi ina Fleadh Cheoil, iliyoanza Mullingar mwaka 1951 na ihamayo mji kwa mji. Humo ala na uchezaji vimestawi ajabu. Lakini kabla yake, mwaka 1897, chama cha kuhuisha Kiayalandi, Conradh na Gaeilge, kilikuwa kimeanzisha Oireachtas, tamasha lililoiweka lugha mbele. Humo mwimbaji wa sean-nós, yaani mtindo wa kale, huimba bila ala yoyote, na shindano kubwa la Corn Uí Riada hushindaniwa na waimbaji hao. Oireachtas haikukirudisha Kiayalandi kinywani mwa taifa zima, wala haidhaniwi kwamba tamasha laweza kufanya hivyo. Ilichofanya ni kumpa mwenye maneno kiti chake.

Itajibiwa kwamba Ayalandi ina lugha moja ya kuokoa na Tanzania ina zaidi ya mia, na kwamba Kiswahili kilipewa nafasi yake ili kuzuia ukabila. Hoja hiyo ina uzito, lakini yajipinga. Ngoma katika tamasha hutambulishwa kwa kabila lake: ya Wamakonde, ya Wagogo, ya Wakwere. Ikiwa mgongo wa Mkwere hauhatarishi umoja wa nchi, ni vigumu kuona kwa nini sentensi yake ihatarishe. Na wakati hoja hii ikirudiwa, watoto wa pwani hii wakua kwa Kiswahili, na Kizaramo chazidi kuwa lugha ya bibi zao.

Ajabu ni kwamba njia nyingine ilikwisha onyeshwa na mwenyeji wa Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alipoeleza ngoma hakuanza na miguu. Alisema huchezwa lini, na nani, kwa sababu gani, na akaandika maneno yaimbwayo. Tafsiri ya J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981, mwaka ule ule chuo kilipozaliwa. Kitabu hicho kingeweza kuwa kielelezo cha karatasi agawiwayo kila mtazamaji mlangoni: maneno ya wimbo kwa Kikwere au Kidoe upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, na jina la mtunzi iwapo ajulikana. Gharama yake ni ndogo kuliko ya taa za jukwaa. Ugumu uko kwingine, kwani nyimbo hizi zimejaa mafumbo, na neno moja laweza kumaanisha mhogo kwa watoto na jambo jingine kabisa kwa wakubwa. Hakuna kamusi itakayolifumbua. Kazi hiyo haifanyiki siku ya tamasha. Inataka mtu mwenye kalamu akae kijijini na manju, baada ya mavuno, wakati wali wanapotolewa, aulize, achekwe, aulize tena.