Mgonjwa Anayeita: Kuusoma Upya Utendi wa Mwana Kupona

Wanafunzi wetu huujua Utendi wa Mwana Kupona kama wasia wa mama kwa bintiye juu ya utiifu wa mke. Wahakiki nao wamegawanyika: wengine huusifu kwa maadili yake, wengine huulaumu kwamba unamfunga mwanamke katika utumishi wa nyumbani. Pande zote mbili huyarukia mafundisho na kuzipita upesi beti za mwanzo, na humo ndimo, kwa maoni yetu, ulimo ufunguo wa utungo mzima. Anayesema ni mgonjwa, na maradhi yake yamekwisha kutimiza mwaka.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyefariki mwaka 1856. Utendi ulitungwa mwaka 1858, na miaka michache baadaye mtunzi naye akafariki. (Jina lake limebeba kitenzi cha kupona, jambo hilo hatujaona likizungumzwa darasani.)

Tuangalie lugha. Mshairi anapoeleza kwamba katika mwaka huo hakumwambia bintiye neno jema, kitenzi anachokitumia ni kupata, wala si kuweza. Tofauti hiyo si ndogo. Asiyeweza kusema amezuiwa na mwili wake. Asiyepata kusema amekosa wasaa, au amekosa msikilizaji. Hatudai kwamba binti alimtupa mamaye, kwani utendi hausemi hivyo. Lakini mama anamwita mara mbili, kabla ya kuyataja maradhi na baada yake: kwanza asogee, kisha aje mbele aketi, na wino na karatasi mkononi. Anayeitwa asogee yuko mbali, hata ikiwa ni umbali wa kutoka ukumbini hadi chumbani. Maradhi ya muda mrefu hayawafukuzi watu; huwasogeza kidogo kidogo. Hapa kwetu Lubumbashi mgonjwa wa juma moja hujaziwa nyumba, ila mwenye ugonjwa wa sukari au selimundu, ambaye hali yake haina mwisho, husalimiwa kutoka mlangoni. Neno letu la pole hulifaa jambo litakalopita. Likirudiwa katika mwezi wa kumi, mwenye kulitoa na mwenye kulipokea wote wawili huona haya.

Beti zinazolaumiwa zaidi ni zile za kumhudumia mume: akilala, mke amkaribie, ampapase, asikose mtu wa kumpepea. Lawama hiyo ina haki yake, maana utumishi huo unakwenda upande mmoja tu. Hata hivyo, tukizisoma beti hizo tukimkumbuka msemaji aliyelala kitandani, tunasikia jambo jingine. Kukaribiwa, kupapaswa, kupepewa: hayo ndiyo mahitaji ya mgonjwa. Je, anayeyaagiza kwa ajili ya mume hakuwa akiyajua kwa kuyakosa? Hatuwezi kuthibitisha, lakini usahihi wa maelezo hayo ya mwili unatufanya tuulize.

Tena, hakuna aliyebaki wa kumtendea hivyo. Anapomkumbuka marehemu mumewe, Mwana Kupona anasema kwamba tangu kifo kile hadi siku anayosema hajanyamaza kulia, na anachokililia ni maongezi yao na wingi wa mazoea. Neno hili la mazoea limetushangaza kuliko sitiari yoyote ya utendi. Hazungumzii cheo cha mtawala wala mali yake. Anazitamani siku za kawaida, ambazo mgonjwa wa kudumu huwa wa kwanza kunyang'anywa.

Baada ya wasia inakuja dua, ambamo anajiombea mwenyewe na kuwaombea wanawe na nduguye mdogo. Kisha sauti inapanuka: wanawake wote wanaombwa wausome utendi huu na kuufahamu. Aliyeanza kwa kumwita mtu mmoja asogee sasa anawaita asiowajua. Kuhusu nafuu hatuambiwi kitu. Beti za kufungia zinataja hesabu ya beti, ambazo ni 102, na mwaka wa Hijra 1275.