Njia Zinazobadilika na Mipaka Yake: Somo la ARPANET

Mwaka 1979 wahandisi wa kampuni ya BBN ya Marekani walibadilisha namna ya kuchagulia pakiti njia katika ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Awali kila kituo kilitazama urefu wa foleni katika laini zake na kuwaarifu jirani zake tu. Foleni hupanda na kushuka kufumba na kufumbua, hivyo habari ilifika mbali ikiwa imekwisha kupitwa na wakati, na pakiti nyingine zikabaki zinazungushwa kati ya vituo. Utaratibu mpya ulipima muda halisi wa pakiti kuchelewa, ukachukua wastani wake kwa kila sekunde 10 na kuutangaza kwa mtandao mzima.

Trafiki ilipokuwa ndogo, utaratibu huo ulifanya kazi vizuri. Kasoro ilijitokeza mtandao ulipolemewa. Chukua kanda mbili zilizounganishwa na laini A na B tu. A ikijaa, vituo vyote vinapata tangazo lile lile, vinapiga hesabu ile ile, na vyote vinahamia B. Kipimo kinachofuata kinakuta A tupu na B imefurika, basi msafara mzima unarudi A. Hakuna mtambo ulioharibika wala hesabu iliyokosewa. Kila kituo kimeamua sawasawa, lakini wakati wowote laini moja imelala bure.

Kosa lilikuwa katika uzito wa kipimo. Laini ya kilobiti 9.6 kwa sekunde ikijaa iliweza kuonekana ghali mara 127 kuliko laini ya kilobiti 56 isiyo na mzigo. Kwa tofauti hiyo pakiti ingepitishwa vituo chungu nzima ili mradi iikwepe laini moja.

Atul Khanna na John Zinky wa BBN, ambao marekebisho yao yalianza kutumika 1987, hawakukimbilia njia za kudumu. Waliweka mipaka. Laini iliyojaa haikuruhusiwa kutangaza gharama inayozidi mara 3 ya ile ya wakati haina mzigo, na mzigo mdogo haukubadilisha gharama hata kidogo. Kwa hiyo A ikijaa, inayohama ni trafiki yenye njia mbadala ya karibu. Nyingine inavumilia foleni. Naona huu ni uhandisi wa hali ya juu, kwa sababu unakubali kuchelewesha pakiti chache ili mtandao mzima utulie.

Ruta za leo zinazotumia OSPF, itifaki ya kuchagua njia, zimekwenda mbali zaidi: gharama kwa kawaida hutokana na kasi ya laini au huandikwa na msimamizi, na msongamano hauhesabiwi. Kinachobadilika ni ramani tu, laini inapokatika.

Kwenye programu mambo ni yale yale. Kisambaza mzigo kinachorundika maombi yote kwenye seva iliyoonekana na foleni fupi sekunde chache zilizopita kitaizamisha seva hiyo. Dawa iliyothibitika ni kuchagua seva mbili kwa bahati nasibu, kisha kuipa kazi ile yenye mzigo mdogo zaidi kati ya hizo mbili.

Na ofisi yenye laini moja tu ya kutokea? Haina cha kuchagua. Iandikiwe njia ya kudumu. Ikiongezewa laini ya pili, njia hiyo iambatanishwe na kipimo cha uhai, maana yenyewe haijui kwamba mbele kumekatika na itaendelea kutupa pakiti shimoni.