Historia Juu ya Gunia la Unga

Mwaka jana, nikiwa mwezi wa nne bila kazi, rafiki yangu alinifariji kwa kuniambia kwamba dhiki ndiyo shule ya msanii. Niliitikia kwa kichwa, kisha nikamwomba nauli ya kurudi nyumbani.

Siku hizo nilikuwa nasoma kitabu cha Johannes Fabian, Remembering the Present, kilichotoka 1996. Kimebeba picha za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya Zaire, picha zaidi ya mia moja, akamsimulia Fabian moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga.

Ni rahisi kuligeuza gunia hilo kuwa hekaya tamu: tazameni, umaskini umezaa sanaa! Mimi sikubali. Umaskini ulimlazimisha kuchora harakaharaka na kurudia picha ileile kila ilipopata mnunuzi. "Colonie belge", picha ya mfungwa anayechapwa viboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji, ilirudiwa mara nyingi kwa sababu ndiyo watu wa mjini waliyoitaka ukutani sebuleni. Mhakiki anayeufumbia macho uharaka huo anamwonea msanii huruma, na huruma si heshima.

Hata hivyo, faida ipo, ila si ile aliyoitaja rafiki yangu. Picha rahisi iliweza kukaa nyumbani kwa watu wa kawaida, si katika jumba la makumbusho. Na mtu ambaye hakuajiriwa kuisimulia nchi yake hakuhitaji kibali cha kuisimulia. Chini ya Mobutu, Tshibumba alijiita mwanahistoria, akamchora Lumumba amelala maiti pamoja na Mpolo na Okito, na nyuma yao misalaba mitatu. Hakuna bosi aliyemwagiza kuweka misalaba ile. Mwishoni mwa mfululizo alithubutu hata kuchora mambo ambayo yalikuwa hayajatokea.

Nadhani hiyo ndiyo kazi ya sanaa wakati mfuko umetoboka. Haijazi sufuria. Inamzuia mtu asigeuke kuwa hesabu tu ya madeni yake. Inamrudishia haki ya kusema nini kilitokea na nini kinaweza kuja. Haki hiyo haimlindi: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna anayejua Tshibumba aliishia wapi. Picha ndizo zilizobaki.

Nami nilianza kuandika nyuma ya nakala za wasifu wangu wa kuombea kazi, zile zilizobaki baada ya ofisi kuacha kujibu. Hazikuniletea ajira. Lakini kwa saa moja kila asubuhi sikuwa mwombaji.

Nauli ya rafiki yangu nimesharudisha. Ile shule yake bado sijaikubali.