Kulipima Tangazo Zama za Akili Mnemba

Tangazo la biashara hupimwa kwa mambo matano: wazo, lugha, picha, sauti na ukweli. Vipimo hivyo vilikuwapo kabla ya akili mnemba, na bado ni vilevile; kilichohama ni mahali kasoro zinapojificha. Zamani tangazo baya lilijulikana kwa picha hafifu na herufi zilizopinda. Siku hizi programu hutoa picha inayong'aa na sentensi zilizonyooka kwa muda mfupi, kwa hiyo unadhifu wa nje hauthibitishi ubora tena. Mpimaji hulazimika kuchungulia ndani.

Wazo

Wazo hupimwa kwanza, kwa kuwa likikosekana hakuna pambo linaloziba pengo lake. Njia ya kulipima ni nyepesi: liondolewe jina la bidhaa, liwekwe la mshindani. Tangazo likibaki limesimama, halikuwa na wazo. Mwaka 1959 wakala wa Doyle Dane Bernbach wa New York aliitangaza Volkswagen kwa picha ya gari dogo kwenye kona ya ukurasa mweupe, juu ya maneno mawili yaliyowahimiza Wamarekani wafikirie udogo. Matangazo mengine ya magari wakati huo yalijivunia ukubwa na rangi. Hakuna gari la mshindani ambalo lingeweza kupachikwa kwenye ukurasa ule.

Mfano huo waonyesha pia udhaifu wa mashine. Programu hujifunza kutokana na kazi zilizopo na kukisia kinachofuata kwa kufuata mazoea. Kama ingelishwa matangazo ya magari ya miaka ya 1950, ingerudisha gari refu, linalometameta, na familia inayotabasamu kando yake. Ukurasa mweupe ulitoka kwa watu waliofanya kinyume cha mazoea kwa makusudi.

Hata hivyo, mashine inaweza kulitumikia wazo. Mwaka 2022 wakala wa Rethink wa Kanada aliitaka programu ya DALL-E 2 ichore kechapu, bila kutaja kampuni yoyote. Chupa zilizotokea zilifanana na za kampuni ya Heinz, na hilo ndilo likawa tangazo lake. Mazoea ya mashine yaligeuzwa ushahidi. Mwaka 2021, nchini India, Cadbury ilitumia akili mnemba ili mwigizaji Shah Rukh Khan aonekane akitaja maduka madogo ya mitaani kwa majina. Kazi hiyo isingewezekana kwa mkono, lakini uamuzi wa kuwakumbuka wenye maduka ulikuwa wa watu.

Pengo kati ya mtu na mashine huweza kuwa jembamba. Mwaka 2016 McCann wa Japani alishindanisha mtu na programu katika kutangaza pipi za mnanaa za Clorets, na watazamaji wakapiga kura: mtu alipata asilimia 54, programu 46. Programu ilitoa mwelekeo tu; waliotengeneza filamu walikuwa watu.

Lugha

Kaulimbiu nzuri ya Kiswahili hupimwa kama mshororo. "Bia yangu, nchi yangu" ya Tusker ina mizani nne kila upande, maana n ya "nchi" ni silabi kamili. Nomino mbili za ngeli moja zinapokezana kiambishi kilekile, na uzalendo unapita bila kuhubiriwa. "Kazi ni kwako" ya Vodacom Tanzania imeokotwa kwenye mazungumzo ya kila siku, ndiyo maana hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kasoro ya kwanza ya kutafutwa ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "Pata uzoefu wa ladha halisi" ina sarufi safi, lakini hakuna mama ntilie anayemwambia mteja hivyo. Yeye husema "Onja". Mashine haikuianzisha kasoro hii, kwani watafsiri wa mabango waliitangulia. Imeongeza tu kasi yake. Kasoro ya pili ni lugha isiyo na kwao. Bango la Nairobi likiita gari la abiria daladala, au la Dar es Salaam likiliita matatu, aliyeliandika hakusimama kituoni. Sheng nayo hubadilika haraka, na programu hutumia ile iliyokwisha kuandikwa, ambayo vijana huenda wameshaiacha.

Picha

Katika picha hukaguliwa vidole, vivuli na maandishi ya nyuma, kisha vitu vyenye kanuni zake. Kanga inafaa sana kwa ukaguzi huu. Ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina linalosomeka. Picha ya mashine mara nyingi huchanganya kanga na kitenge, au huandika jina kwa herufi zisizounda neno. Mtazamaji wa pwani hulijua kosa hilo kabla hajafika kwenye bei.

Mwaka 2024 Coca-Cola ilitengeneza upya kwa akili mnemba tangazo lake la Krismasi la 1995 lenye msafara wa malori. Wabunifu wengi waliikosoa kazi hiyo kwa ubaridi wake na kwa magurudumu yaliyoonekana kuteleza badala ya kuzunguka. Vipimo vya kampuni ya utafiti ya System1 vilionyesha kuwa watazamaji wa kawaida waliipenda. Kwa hiyo kupendwa na umahiri vipimwe mbalimbali, kila kimoja kwa hesabu yake.

Sauti

Sauti ya kutengenezwa hutegwa kwa mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "barabara" ya magari hutofautiana na "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake uko kwenye "ra" ya kwanza. Msomaji asiyeelewa anachosoma hujikwaa hapo. Hujikwaa pia kwenye bei na namba za simu, na kwenye pumzi: hutua penye koma hata pale maana inapodai aendelee.

Ukweli

Kipimo cha mwisho kina uzito zaidi kuliko picha na sauti. Mteja wa kubuni akionyeshwa akishuhudia kwamba sabuni imemtibu chunusi, huo ni uongo, hata kila neno likiwa na sarufi. Kuna pia uongo wa hisia. Mwaka 2024 Google iliacha kurusha, wakati wa Michezo ya Olimpiki, tangazo ambamo baba aliomba programu ya Gemini isaidie kuandika barua ya bintiye kwa mwanariadha anayemhusudu. Watazamaji walichukizwa kwa sababu thamani ya barua ya mtoto imo katika kuandikwa na mtoto mwenyewe.

Kwa jumla, programu huweza kutoa matoleo mia ya tangazo moja kabla ya chai ya saa nne, na ubora hutegemea anayetupa tisini na tisa. Mwenye bidhaa anayetaka kujua amelipia nini na aombe kuonyeshwa yaliyokataliwa, pamoja na sababu ya kila moja. Wakala asiye na sababu hizo amechukua la kwanza lililotoka.