"Pole Mzee, Hukufika?"

Mtu akishuka Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kila anayepishana naye humuuliza swali moja tu: alifika? Mwaka 2023 nilikuwa nikishuka kutoka Horombo pamoja na mjukuu wangu, fimbo mkononi, tukapishana na kijana mpagazi aliyekuwa na mzigo kichwani. Akaniamkia kwa adabu, kisha akanipa pole. "Pole mzee, hukufika?" Nikamjibu kwamba nilifika. Akaitazama fimbo yangu, akacheka kidogo, akaendelea na safari yake.

Wala sikumdanganya. Nilikuwa nimekwenda kuutazama ule uwanda wa baridi ulioko baina ya msitu na jangwa la mawe, mahali pa majani magumu, vichaka vya erika, lobelia na yale masenesio makubwa yanayosimama ukunguni kama watu. Nililala huko siku mbili. Lakini kwa hesabu ya mlima ule, mtu wa namna yangu ni mtu aliyeshindwa.

Sina ugomvi na vibanda. Marangu ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo mpandaji hulala ndani ya nyumba na si ndani ya hema: Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720, halafu Kibo. Kwa mzee wa miaka sabini na kitu, kitanda cha mbao na paa lisilovuja ni neema kubwa. Bila hivyo nisingethubutu hata kufunga mkoba. Ugomvi wangu ni na mpango wa safari yenyewe. Siku ya kwanza Mandara, ya pili Horombo, ya tatu Kibo, na usiku wa manane kuelekea Uhuru, mita 5,895. Katika mpango huo uwanda umefanywa kuwa kama ukumbi wa kungojea gari moshi. Hata wale wanaoongeza siku moja pale Horombo, wakapanda hadi kwenye Zebra Rocks na kurudi, huambiwa kwamba wanauzoesha mwili hewa nyepesi. Kwamba huenda wakaona kitu, hilo halimo katika ratiba.

Halafu kuna cheti. Hupewa aliyefika kwenye ukingo wa juu wa Kibo, na aliyefika Uhuru. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, na sikupata kuona mtihani wenye swali moja ukamfanya mwanafunzi asome kitabu kizima. Husoma ukurasa ule ule unaoulizwa.

Nami nisijifanye mwema. Mwaka 1986 nilipita pale pale na wanachuo kumi na wawili, wote walimu watarajiwa, nikiwahimiza huku nikitazama saa. Mmoja wao alisimama asubuhi mbele ya lobelia, akaniuliza kwa nini imejikunja kama kabichi. Nikamwambia atembee, tunachelewa. Ukweli ni kwamba sikujua. Lobelia ile hukusanya maji katikati ya majani yake, na usiku hujifunga ili baridi kali isiuue moyo wake. Senesio nayo haiyaangushi majani yake makavu, huyaacha yauzunguke mti mfano wa blanketi. Masomo mawili ya biolojia yalikuwa yamesimama kando ya njia, nasi tukayapita mbio.

Kupita mbio kuna gharama nyingine, si ya elimu tu. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia baina ya Mandara na Horombo, na taarifa za siku zile zilisema ulitokana na watu waliokuwa wakipasha moto chakula cha wageni. Ziliteketea karibu kilomita za mraba 95. Erika hunasa ukungu na kuudondosha ardhini ukawa maji. Ikipungua erika, hupungua pia kile kinachoteremka kuelekea migomba ya huko chini. Basi nauliza: katikati ya vichaka vinavyowaka kama karatasi, ni lazima chakula cha mchana kiwe cha moto? Ama pajengwe meko ya mawe yenye kuta, jiko lisiwashwe nje yake, ama wageni wale viazi vya kuchemsha vilivyopoa na chai ya chupa. Mimi nilikula vilivyopoa, na nipo.

Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo. Ni jambo jema mtu akiugua. Lakini jioni niliwaona vijana wameinamia simu zao ndani, ilhali nje lobelia zinajifunga moja moja. Mjukuu wangu alikuwa mmojawapo, ingawa yeye anadai alikuwa akimtumia mama yake salamu.

Ningependa safari ya uwanda iwe na jina lake, siku tatu au nne, isiyouzwa kama nusu ya safari nyingine. Wafaidi wazee, watoto wa shule wenye umri unaoruhusiwa, na wenye mapafu dhaifu. Na kama cheti ni lazima, apewe yule atakayetaja mimea mitano na kueleza jinsi kila mmoja unavyopambana na baridi.

Yule mwanachuo wa 1986 naye amestaafu sasa. Niliporudi nyumbani nilimwandikia jibu la lobelia, kurasa mbili, nikaambatanisha picha aliyopiga mjukuu.